Filimbi Imegeuka Sheria, Nasi Tumelala

Nimechoka na sentensi moja: "Uamuzi wa refa ni wa mwisho."

Nimeisikia Ifakara. Nimeisikia Mlimba. Nimeisikia Masagati, kwenye kiwanja cha shule kisicho na jukwaa wala uzio, watu wamesimama juu ya mstari wenyewe. Kila inapotamkwa, kuna mtu ameshaumizwa na sasa anaambiwa afunge mdomo.

Mwisho wa nini? Wa mjadala? Wa haki? Au wa vijana waliochangishana nauli, wakaacha mpunga shambani ukishambuliwa na ndege, wakaja kucheza mechi moja tu?

Nawe msomaji unajua kuna kitu hakiko sawa. Unarudi nyumbani Jumamosi jioni umenuna, huwezi hata kueleza umeonewa wapi hasa. Unasema, "Refa kanunuliwa." Unalala. Wiki inayofuata unarudi palepale, unaonewa palepale, unanuna vilevile.

Leo nakwambia umeonewa wapi. Umeonewa kwenye maneno ya sheria ambayo hujawahi kuyasoma. Maneno hayo yana mapengo, na refa anayaziba kwa maana anayoitaka yeye, wakati anaoutaka yeye, bila kukuambia. Ukishtuka, bao limeshaingia.

Chukua kunawa mpira. Hakuna jambo lililovunja mechi nyingi zaidi huku kwetu.

Sheria za soka ni 17, na ya 12 ndiyo inayoshughulikia faulo na utovu wa nidhamu. Zinatungwa na bodi iitwayo IFAB, iliyoanza mwaka 1886. Mezani pale wanakaa England, Scotland, Wales, Ireland Kaskazini na FIFA. Wao ndio wanaoamua kijana wa Masagati akiguswa na mpira mkononi afanywe nini.

Wameandika kwamba ni kosa mchezaji akigusa mpira kwa mkono makusudi. Sawa, hilo tunalielewa wote. Wakaongeza kwamba ni kosa pia mkono ukigusa mpira wakati umeufanya mwili uwe mkubwa isivyo kawaida.

Isivyo kawaida! Kawaida ya nani?

Beki wa kwetu anakimbia kwenye kiwanja chenye mashimo ya ng'ombe na visiki vilivyokatwa nusu. Anatanua mikono asianguke. Hiyo si kawaida yake? Kitabu kinasema mkono utazamwe kulingana na mwendo wa mwili katika tukio lile. Nani anautazama? Refa. Kwa kipimo gani? Kipimo kiko kichwani mwake, na wewe kichwani mwake hujawahi kuingia.

Usiniambie kwamba hayo ni ya mchangani, na kwamba Ulaya wameshayamaliza. Hawajayamaliza.

Tarehe 29 Juni 2024, mjini Dortmund, Ujerumani inacheza na Denmark kwenye Kombe la Ulaya. Krosi inapigwa, inamgusa beki Joachim Andersen kwenye vidole, kiasi kwamba ilibidi kifaa kilichofichwa ndani ya mpira kioneshe kuwa umeguswa kweli. Refa Michael Oliver anatoa penalti. Ujerumani inafunga, inashinda 2-0.

Siku sita baadaye, tarehe 5 Julai, mjini Stuttgart, Ujerumani hiyohiyo inacheza na Hispania robo fainali. Jamal Musiala anaachia shuti kuelekea golini. Linampiga Marc Cucurella mkononi, mbele ya macho ya dunia nzima. Refa Anthony Taylor anapeta. Hispania inashinda 2-1 katika muda wa nyongeza, wenyeji wanatolewa. Septemba mwaka huohuo, wakubwa wa waamuzi wa UEFA wakasema pale palistahili penalti.

Marefa wawili. Wote kutoka England. Mashindano yaleyale, kitabu kilekile, chumba cha kamera kilekile. Maana mbili.

Sasa wewe unategemea nini kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekabidhiwa filimbi dakika kumi kabla ya mechi kuanza, kwa sababu refa aliyepangwa amekwama njiani na barabara ya Mlimba imejaa tope?

Simlaumu mwalimu yule. Namlaumu aliyempa filimbi asimpe kitabu. Na nakulaumu wewe uliyekaa kimya.

Nikupe tukio la ndondo moja, mashindano ya mtaani, ya bonde letu hili la Kilombero. Kiwanja sikitaji, timu sizitaji, wenyewe wanajijua.

Dakika za mwisho, bao moja kwa moja. Beki anajirusha kuzuia shuti. Anaanguka, mkono wa kulia umekita chini kuubeba mwili. Mpira unagonga kiatu chake, unaruka, unampiga kwenye kiwiko cha mkono uleule alioegemea. Filimbi. Refa ananyoosha kidole kwenye penalti, halafu anatia mkono mfukoni, anatoa kadi nyekundu.

"Refa, nilikuwa naanguka!"

"Mkono ni mkono. Toka nje."

Nahodha anakuja, anafukuzwa. Kocha anapiga kelele, anatolewa. Penalti inapigwa, inaingia. Sekunde hiyohiyo vijana wanavamia uwanja na refa anakimbilia ofisi ya kijiji. Ng'ombe wa zawadi amefungwa kwenye mti, hana mwenyewe. Timu moja ikafungiwa, refa akaapa hatarudi tena, na watu wa vijiji viwili jirani wakaacha kusalimiana mnadani.

Mkono ni mkono. Sheria hiyo iko kitabu gani?

Haipo! Tangu mwaka 2021 kitabu kinasema wazi kwamba si kila mguso wa mpira na mkono ni kosa. Na mwaka 2019 kiliandika kabisa kwamba mchezaji akianguka, mkono ukawa kati ya mwili na ardhi kuubeba mwili bila kutanuliwa pembeni, si kosa. Mwaka 2021 orodha ile ikaondolewa, jambo likarudishwa kwenye busara ya refa. Kwa hiyo mwaka mmoja beki wetu alikuwa na sentensi ya kumlinda, miaka miwili baadaye sentensi imefutwa, na Masagati hakuna aliyejua kwamba iliwahi kuwapo wala kwamba imekwenda.

Halafu ile kadi. Tangu msimu wa 2024, mchezaji akinawa bila kukusudia, akazuia bao la wazi, na penalti ikatolewa, anaoneshwa kadi ya njano. Njano, si nyekundu! Hata kama refa aliona mkono ule ni kosa, kumtoa beki nje kulikuwa kuvunja sheria.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo tunapopigwa kila siku.

Refa yule alifanya mambo mawili, na mambo hayo si mamoja. Kuamua kwamba mkono ulikuwa mahali pabaya ni jambo la jicho. Kutoa nyekundu mahali pa njano ni jambo la kitabu. La jicho unaweza kulivumilia, binadamu hukosea. La kitabu hupaswi kulivumilia hata dakika moja. Sisi tunachanganya yote mawili, tunarusha mawe kwa yote mawili, na mwisho wa siku hatupati haki kwa lolote.

Bao la Aziz Ki lililokataliwa kule Pretoria, tarehe 5 Aprili 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns, tumelisahau? Hata kidogo, bado linauma. Lakini sheria yake haina utata: mpira wote uvuke mstari wote. Ugomvi wetu ulikuwa juu ya kilichoonekana na kisichoonekana. Lile ni la jicho. Ya kitabu ni mengine, nayo ndiyo tunayopoteza bila hata kujua.

Kuna mchezo ambao watu wake wamezoea kutenganisha haya mawili. Ni softiboli, pamoja na ndugu yake besiboli. Usicheke. Unachezwa hapahapa Tanzania, wasichana wetu wa sekondari wanaucheza, na Wajapani wametusaidia kujenga uwanja wa besiboli pale Azania, Dar es Salaam.

Nao wana pengo lao. Mpigaji akiupiga mpira ukaruka juu, huku wenzake wamesimama kwenye kituo cha kwanza na cha pili, refa anaweza kumtoa mpigaji hata kabla mpira haujadakwa, mradi mdakaji wa ndani angeweza kuudaka kwa "juhudi ya kawaida". Nia ni njema: mdakaji asiuangushe kwa hila ili awatoe wawili kwa mkupuo. Lakini juhudi ya kawaida ndiyo ipi? Ya mchezaji gani? Umbali gani?

Tarehe 5 Oktoba 2012, mjini Atlanta, Marekani, sheria hiyo ilichoma uwanja mzima. Mpira uliruka mbali sana nyuma, ukaanguka kati ya wadakaji wawili wa Saint Louis. Wenyeji wakashangilia. Kumbe refa wa pembeni, Sam Holbrook, alikuwa ameshainua mkono: mpigaji yuko nje! Mashabiki wakarusha chupa na takataka, mechi ikasimama dakika 19. Atlanta wakaweka pingamizi, likakataliwa papo hapo. Sababu? Hilo ni jambo la jicho la refa, na jicho halikatiwi rufaa.

Unaweza kukasirika na jibu lile. Lakini angalau lilikuwa jibu! Waliambiwa jambo lao limeangukia upande gani. Lingekuwa la kitabu, pingamizi lingesikilizwa.

Na soka lina mlango huohuo, sema sisi hatuugongi. Septemba 2005, Uzbekistan ilikuwa inaongoza 1-0 dhidi ya Bahrain kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Wakapata penalti, wakafunga, lakini mwenzao alikuwa ameingia kwenye boksi mapema. Kitabu kilisema irudiwe. Refa kutoka Japani akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Hilo ni kosa la kitabu, si la jicho, na FIFA ikafuta mechi nzima, ikarudiwa. Uzbekistan waliolalamika ndio waliotolewa mwishoni, maana mechi ya marudio walitoka sare 1-1. Iliwauma. Lakini filimbi ilipogongana na kitabu, kitabu ndicho kilichobaki kimesimama.

Kwetu filimbi ikigongana na kitabu, kitabu hakipo.

Utasema hayo ni makubwa, sisi wadogo tufanye nini. Haya, njoo kwa wakubwa wetu.

Tarehe 8 Machi 2025, Simba na Yanga, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Jioni ya kuamkia mechi Simba wanafika kufanya mazoezi, wanazuiwa getini. Kanuni za ligi zinampa mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi. Vizuri. Lakini akizuiwa, kanuni inamruhusu kugoma? Nani anawajibika kulifungua geti? Simba wakasoma kwa jicho lao: hatuchezi. Yanga wakasoma kwa jicho lao: tunakuja uwanjani. Bodi ya Ligi ikasoma kwa jicho lake: mechi imeahirishwa. Mechi ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, zaidi ya miezi mitatu baadaye, baada ya shauri kupelekwa hadi kwenye mahakama ya michezo ya CAS, huko Uswisi.

Watu wetu wa Ifakara walikuwa wameshalipa basi. Walikata tiketi, wakaomba ruhusa kazini, wakafika Dar es Salaam, wakarudi mikono mitupu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wanasheria wa klabu wakabishana juu ya kanuni, aliyekonda mfuko ni wewe.

Ukaamka? Hukuamka. Ulibishana vijiweni wiki mbili nani mwoga kati ya Simba na Yanga. Kanuni yenyewe hukuitafuta uisome. Hukuuliza imeandikwaje hata isomeke kwa namna tatu.

Na kuna ubaya zaidi ya kubishana. Pengo la sheria ni maficho ya mwizi.

Novemba 2016, mjini Polokwane, Afrika Kusini ilicheza na Senegal kusaka Kombe la Dunia. Refa Joseph Lamptey wa Ghana akatoa penalti, eti Kalidou Koulibaly amenawa. Mpira ulikuwa umempiga gotini. FIFA ikamkuta na hatia ya kupindua matokeo kwa makusudi, ikamfungia maisha, mechi ikarudiwa mwaka uliofuata, na Senegal ikashinda 2-0 ikaenda Urusi. CAS ikaithibitisha adhabu ile.

Tafakari jambo hili kwa uchungu unaostahili. Goti lilimponza Lamptey kwa sababu goti si mkono, hakuna awezaye kubishia hilo. Je, mpira ungempiga Koulibaly kwenye kiwiko? Nani angethubutu kusema lolote? Refa angesema, "Kwa maoni yangu mwili ulikuwa mkubwa isivyo kawaida," na kesi ingeishia hapo.

Ni mangapi ya kiwiko yanapita kwetu kila wiki? Na utamjuaje refa mwizi na refa aliyekosea, ikiwa wote wawili wana haki ya kutoeleza chochote?

Wewe ni mtu wa Kilombero. Lumbesa unaijua. Mnunuzi alikuja na gunia lake lililoshonewa kilemba, akakwambia hiki ndicho kipimo, ukamjazia mpunga wa jasho lako kwa bei ya gunia la kawaida. Ulilia, ukapiga kelele, ukadai mizani. Ulisema kipimo lazima kionekane na wote wawili kabla ya biashara. Sasa kwa nini kiwanjani unakubali lumbesa? Kwa nini mtu anakuja na kipimo kichwani mwake, hakioneshi, anapima jasho la mwanao, nawe unapiga makofi?

Na tusizungumze wavulana tu. Hebu tazama wasichana wa netiboli.

Kanuni ya netiboli inamtaka mlinzi asimame umbali wa mita 0.9 kutoka mguu wa mwenye mpira, ndipo anyooshe mikono kuzuia. Mita 0.9! Uwanja ni vumbi, mistari imechorwa kwa majivu, mwamuzi anapima kwa macho huku anakimbia. Mwamuzi mmoja, 0.9 yake ni hatua ya mtu mzima. Mwingine, 0.9 yake ni mkono wa mtoto. Binti mlinzi aliyefundishwa na wa kwanza akikutana na wa pili anapulizwa filimbi kila akinyanyua mikono. Hajui amekosa nini. Anaanza kuogopa, anarudi nyuma, mfungaji anatupia mabao anavyotaka.

Unajua kilichopotea pale? UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, inapanda ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, hadi taifa. Binti wa Masagati hana jukwaa jingine la kuonekana. Hana akademi, hana wakala, hana mjomba kwenye chama. Ana siku ile moja. Akikosa pale kwa sababu 0.9 ya mtu fulani ni kubwa kuliko 0.9 ya mtu mwingine, amerudi nyumbani, na hakuna kamati itakayokaa kumjadili. Mwaka unaofuata amemaliza darasa la saba.

Hayo ndiyo matokeo ya sheria isiyoelezwa. Vipaji vinakufa. Marefa wazuri wanaacha kazi kwa kuogopa mawe. Wababe wanabaki, maana mbabe haogopi kubuni sheria. Vijiji vinachukiana. Halafu mwisho wa msimu tunaulizana kwa nini bonde lenye watu wote hawa halitoi wachezaji wa kutosha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu tumeutazama kwa miaka.

Usiniambie hakuna fedha. Hapo ndipo ninapokosa subira kabisa! Mdhamini wa ndondo ananunua jezi seti nzima. Ananunua ng'ombe. Anakodi spika na jenereta, analipa mshereheshaji wa kulitaja jina lake asubuhi hadi jioni. Kurasa mbili za Kiswahili zenye mabadiliko ya sheria za mwaka huu, kitu cha kutoa kopi stationari pale Mlimba kwa hela ya soda, hizo hana? Mheshimiwa, ng'ombe wako amesababisha vita mara ngapi kwa kukosa kurasa mbili?

Na nyinyi wa vyama vya soka na netiboli, kuanzia taifa hadi wilaya. Sheria inabadilika kila mwaka. Kuanzia Julai 2025, kipa akikaa na mpira mkononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Zamani ilikuwa sekunde 6 na mpira wa adhabu. Mmewaambia nani? Leo hii mnaweza kukuta kiwanja kimoja refa anahesabu 6, kingine anahesabu 8, cha tatu hahesabu kabisa. Mnakaa Dar es Salaam mnafungua semina kwa picha za pamoja, mnafunga semina kwa vyeti. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka yuko huku.

Sasa nataka mambo matatu, na nayataka msimu huu.

La kwanza tuwaige watu wa softiboli. Kabla ya mechi refa wao huwaita viongozi wa timu zote mbili pale kituo kikuu, wanapitia sheria za kiwanja kile, wanakubaliana, ndipo mchezo unaanza. Tufanye hivyo katikati ya uwanja, kwa sauti, watu wasikie. Refa aseme: nikiona mkono hivi nitapuliza, nikiona hivi nitapeta. Aseme mpira ukigonga tawi la mwembe linaloning'inia juu ya kona itakuwaje. Aseme, kwa kuwa magoli hayana nyavu, ni nani atakayesimama kuangalia mpira umepita ndani au nje ya mlingoti. Kwenye netiboli, mwamuzi aje na fimbo ya mita 0.9, ailaze chini, mabinti wote waione kwa macho yao. Dakika tano zinatosha. Akishatamka mbele ya watu, hawezi kugeuka dakika ya 88.

La pili ni kitabu kwa Kiswahili, kila kata, kila mwaka. Kikae kwa mratibu elimu kata, nakala nyingine kwa nahodha wa kila timu. Nahodha asiyekisoma asivae kitambaa. Tumezoea kumpa kitambaa mwenye sauti kubwa. Tumpe anayejua kutofautisha njano na nyekundu.

La tatu ni sababu kwa maandishi. Penalti iliyoamua mechi, kadi nyekundu, bao lililokataliwa, refa aandike sentensi mbili: nimeona nini, nimetumia sheria ipi. Kamisaa wa mechi azisome hadharani. Likiwa la jicho, tumeze. Likiwa la kitabu, rufaa isikilizwe, na wasiketi kwenye kamati watu wenye timu zao mashindanoni. Tumechoka kupeleka kesi ya ngedere kwa nyani.

Najua atakayesema nataka kumvua refa heshima. Kinyume chake! Refa aliyeeleza mapema hapigwi mawe. Refa mwenye kitabu mkononi haitwi mwizi. Anayechukia kuulizwa ndiye wa kumtilia shaka, maana mwenye haki haogopi maswali.

Nawe msomaji, usinikubalie tu kwa kichwa halafu ugeuke upande wa pili wa kitanda. Jumamosi timu yenu inacheza. Kabla mpira haujawekwa kati, nenda kwa nahodha wenu, mwambie amwendee refa amuulize kwa adabu: "Mwalimu, mkono leo utauhukumu vipi?" Akijibu, wote sikieni na mshikeni kwa neno lake. Akikataa kujibu, kamisaa aandike kwamba amekataa, na karatasi hiyo ipelekwe kwa afisa michezo wa halmashauri Jumatatu asubuhi. Jumamosi nyingine fanya hivyohivyo. Na nyingine. Na nyingine, mpaka wamzoee mtu anayeuliza.

Ukishindwa hata hilo, basi mechi ikiisha usinililie. Haki yako uliiacha katikati ya uwanja kabla ya filimbi ya kwanza.